Jina la Mwanaisha kwa Wino

Mtu wa kwanza kunieleza jambo hili ni mzee Balbir, jirani yetu wa ukuta mmoja hapa Saltley, mjini Birmingham. Ni Singasinga aliyezaliwa Nakuru, na alifanya kazi miaka ishirini na sita pamoja na babu wa mume wangu katika kiwanda cha vyuma. Siku hiyo nilikuwa naanika nguo za mtoto uani, akachungulia kutoka upande wake wa ua wa mbao.

"Mama Mubarik," akasema, "wewe iko mpole sana, hapana uliza kitu. Najua huyu mzee yako iko Mdachi robo?"

Nikacheka, nikidhani ananitania: babu, robo Mjerumani?

"Kweli kabisa. Babu yake Mdachi wa Tanga. Miaka saba, kila Jumamosi, mimi ndiyo dereva. Napeleka yeye kutafuta watu ya zamani, mimi nakaa kwa gari nakula karanga. Halafu siku moja anasema basi, macho imechoka." Akatikisa kilemba chake. "Mimi najua macho yake. Iko nzima kuliko yangu. Kitu ingine ndiyo ilichoka."

Sikumwuliza ni kitu gani, wala sikumwuliza babu. Nilimaliza kuanika nikaingia ndani.

Mwezi wa Novemba mwaka 2007 madaktari walimruhusu babu arudi nyumbani, na sote tulielewa maana ya ruhusa hiyo. Jumapili moja baada ya sala ya alasiri akawaita watoto wake wawili, Najib na Salha, na mume wangu Yasir, ambaye ni mtoto wa Najib. Mimi aliniita nilete daftari. Wajukuu waliozaliwa hapa wanakisikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo ni mimi, niliyeishia darasa la saba kule Tanga, niliyekuwa nikimwandikia barua zake. Akanitaka niandike kila neno kama lilivyotoka. Haya ndiyo aliyosema.

*

Sogeeni karibu, sauti yangu haifiki mbali tena. Najib, zima hiyo televisheni. Salha, usilie bado, mwanangu, ya kuliliwa yako mbele nami nitakuonyesha yalipo. Yasir, kaa hapo chini nikuone. Na wewe Somoe, andika, na ukifika mahali ukaona haya kuandika, andika hivyo hivyo, kwa sababu haya hiyo ni yangu wala si yako.

Mimi Idarous bin Mkubwa bin Shebwana nashuhudia kwamba hapana mola ila Mwenyezi Mungu na Muhammad ni mtume wake, na ninayoyasema nayasema akili zangu zikiwa timamu. Nizikeni hapa hapa Birmingham, kando ya mama yenu kama nafasi ipo, na kama haipo basi popote katika makaburi yale yale. Msinipakie kwenye ndege kunipeleka Tanga, maana Tanga walionijua wamekwisha, na hapa ninao ninyi. Yasir anioshe pamoja na watu wa msikitini. Balbir aachwe asimame pale atakapotaka kusimama, mtu asimwonyeshe pa kukaa, kwa sababu amenipeleka kwa wafu kila Jumamosi kwa miaka saba, naye ana haki ya kunisindikiza mara moja hii ya mwisho.

Sasa nyumba ya Tanga. Mnaijua, ile ya Ngamiani barabara ya kumi, yenye baraza pana na mlango wa rangi ya kijani. Mmezoea kusikia kwamba ilijengwa na babu yangu Mdachi kwa ajili ya bibi yangu Mwanakhamis, na hilo ni kweli. Alikuwa karani mkubwa wa forodha. Watu wa Tanga walimwita Bwana Mizani, na jina lake jingine hawakuwa na haja ya kulijua. Alisilimu, akamwoa bibi yangu kwa mahari na mashahidi, akamzaa mama yangu Zaituni mwaka 1910, na vita vya kwanza vilipofika Tanga Waingereza wakamkamata, wakamfunga, wakamsafirisha kwao, asionekane tena.

Mama yangu alikua na nywele zile na macho yale, na kila alipopita aliitwa mwanaharamu. Kila alipoitwa hivyo bibi yangu alifungua kopo lake, akatoa karatasi ya ndoa iliyoandikwa na khatibu, akatafuta mwalimu wa chuoni aisome kwa sauti barazani, mbele ya huyo aliyetukana: Abdulkarim bin Andreas bin Ludolf, Mdachi, aliyesilimu mbele ya mashahidi wawili, amemwoa Mwanakhamis. Mimi nilizaliwa nikaikuta karatasi hiyo, nikaihifadhi moyoni kabla ya kuhifadhi sura za sala. Ndiyo iliyomlinda mama yangu. Kumbukeni hilo, msije mkadhani nilipokwenda kuwatafuta wale Wadachi nilikuwa natafuta Uzungu. Nilikuwa natafuta mtu wa kuishuhudia karatasi ya bibi yangu.

Lakini lipo jambo ambalo karatasi hiyo ililifanya, nami nikaliendeleza, na ndilo lililonifanya niwaite.

Vita vilipokwisha alikuja Tanga mtoto wa kike kutoka Pangani, umri wake kama miaka kumi na moja, na bunda lake la nguo. Jina lake Mwanaisha. Mama yake, Bi Tatu, alikuwa amekufa kwa homa. Akasimama kwenye ule mlango wa kijani akasema baba yake ni Bwana Brenneke wa forodha, aliyefanya kazi Pangani kabla ya kuhamishiwa Tanga, na ameambiwa hii ndiyo nyumba yake. Jina hilo wao kule Pangani walilijua kwa sababu kaka yake Bi Tatu alikuwa tarishi katika forodha hiyo hiyo ya Pangani. Bibi yangu alimweka siku arobaini, akamlaza chumba cha mbele kitanda kimoja na mama yangu, na siku ya arobaini na moja akatoa karatasi yake, akamwita mwalimu aisome, akamwambia yule mtoto: umesikia, wangu mimi ni Abdulkarim bin Andreas bin Ludolf, huyo Brenneke wako simjui, katafute kwingine. Mtoto akabeba bunda lake.

Sijui kama bibi yangu alijua. Nadhani alijua. Mama yangu alijua, maana aliniambia nilipokuwa kijana, akaniapisha nisimwambie mtu bibi angali hai. Alisema katika siku zile arobaini walikuwa wakilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni mwa yule, na kila asubuhi aliiona miguu ya Mwanaisha, kidole cha pili kirefu kukipita kidole gumba, kama chake yeye, kama changu, kama chako wewe Salha unayekificha ndani ya soksi.

Sasa mnajua Zainab wa Kings Heath ni nani. Ni mtoto wa Mwanaisha. Alifika mji huu na mumewe kabla ya wewe Yasir kuzaliwa, na mwaka 1989, harusini, katika ule ukumbi wa barabara ya Alum Rock, akanijia mbele ya watu, amevaa vizuri, ananipa mkono, akaniita kaka. Nami nikarudisha mkono wangu nyuma. Nikamwambia: "Mimi sina dada. Babu yako wewe ni Brenneke, babu yangu ni Ludolf, na karatasi ninayo." Wewe Najib ulicheka. Usiangalie chini, ulicheka kwa sababu baba yako alikuwa amesema, na kosa la kicheko hicho ni langu. Lakini ulicheka.

Mzee mzima ukishasema neno kama hilo mbele ya watu huna budi kulijengea. Nilipostaafu nikaanza kulijengea. Balbir akanipeleka katika kituo kimoja cha kanisa, si kanisa la hawa jirani zetu, ni watu wengine, ambao wamepiga picha vitabu vya ubatizo na ndoa na mazishi vya nchi nyingi wakavitia katika filamu. Unaandikisha kijiji na mwaka, unangoja wiki sita, filamu inakuja ndani ya kisanduku, unaipachika kwenye mashine, unazungusha mkono, na wafu wanapita mbele yako wakiwa wamepangwa kwa mwaka waliozaliwa. Nikafundishwa herufi zao za zamani, ambazo Wadachi wenyewe wa leo wengi hawazisomi. Nikanunua karatasi ya ukutani, ile ya kubandika sebuleni, nikaikunjua kwa nyuma kwenye weupe, nikaanza kuchora ukoo: jina nisilolihakikisha kwa penseli, nililolihakikisha kwa wino.

Na nilimpata Andreas Ludolf. Mtoto wa mwoka mikate, mwaka wake unakaribiana na wa babu yangu, na akishafika umri wa kuoa hana habari tena kitabuni. Nikasema huyu ndiye, ameondoka, amekuja Tanga, amesilimu, amekuwa Abdulkarim. Nikamtia wino. Nikawatia wino wazazi wake na ndugu zake tisa. Nikaandika barua kwa watu wa ukoo huo waliobaki, mama mmoja akanijibu kwa adabu, akaniletea picha ya duka la mikate, na kwa miaka mitatu nikawa namtumia kadi kila sikukuu yao. Balbir alikuwa akiniuliza kwenye gari, "Ndugu yako nafanya keki gani?" Nilikuwa na raha sana miaka hiyo, wanangu. Nilikuwa nimemshinda Zainab.

Aliyeniamsha ni Sadiyo, huyu binti wa Kisomali mwenye duka la vitambaa, aliyekulia Nairobi, akaishi Ujerumani miaka kumi kabla ya kuja hapa. Mwaka 2005 nilimpelekea barua ya yule mama anisomee, na kwa kujivuna nikamwonyesha na karatasi ya bibi yangu. Akaisoma mara mbili.

"Mzee," akaniambia, "hii si ni ya sheikh?"

Nikasema ndiyo, ya khatibu wa Tanga.

"Sasa khatibu wa Tanga anamwuliza bwana harusi jina la ukoo wa Kizungu, ama anamwuliza wewe ni mwana wa nani?"

Nikaichukua karatasi nikaitazama upya.

"Andreas ni baba yake," akasema. "Ludolf ni babu yake. Jina lake mwenyewe limeachwa aliposilimu, akapewa Abdulkarim. Na la ukoo halijaandikwa kabisa. Mzee, wewe unaitwa nani hapa Birmingham?"

Nikamwambia: Mista Shebwana.

"Na Shebwana ni nani?"

Shebwana ni babu yangu mzaa baba, fundi cherehani wa Pangani, aliyekufa hajapata kuiona Ulaya. Nilipofika nchi hii karani alitazama majina yangu matatu akachukua la mwisho akalifanya la ukoo, na jina la yule fundi likaitwa kila asubuhi langoni kiwandani, likaandikwa kwenye bili za gesi na vitabu vyenu vya shule, mpaka nami nikasadiki kwamba jina la mwisho la mtu ndilo la ukoo wake. Mimi, niliyefundishwa kuhesabu baba na babu kabla ya kufundishwa kuhesabu moja na mbili, niliichukua karatasi ya ndoa ya kwetu nikaisoma kama yule karani.

Sadiyo akaniuliza kama kuna jina lolote jingine nililowahi kusikia la huyo Mdachi. Nikasema hakuna. Hapo ndipo niliposema uongo wa kwanza, kwa sababu jina lilikuwa limenijaa kinywani.

Nilivumilia wiki mbili. Kisha nikarudi nikamwambia nimeliona jina Brenneke katika karatasi kuukuu, aniandikie barua kuulizia Brenneke wa forodha ya Pangani na Tanga. Majibu yakaja baada ya miezi minne. Yamo ndani ya ile karatasi ya ukutani iliyoviringishwa, juu ya kabati, katikati kwenye tundu, mtayatoa. Konrad Brenneke, amezaliwa katika kijiji karibu na Hildesheim, baba yake Andreas Brenneke, babu yake aliyesimama shahidi wakati wa ubatizo Ludolf Brenneke. Katika orodha za Wadachi wa koloni yupo Pangani, kisha yupo Tanga, forodhani. Ni mtu mmoja. Amemwoa Bi Tatu kwanza, kisha bibi yangu. Mtoto mkubwa ni Mwanaisha. Sisi tuliomfukuza ndio tuliokuja nyuma.

Na lipo jambo la pili katika barua hiyo, ambalo lingenitoa machozi ya furaha kama ningekuwa mtu mwema. Mtunza vitabu vya kanisa lile ameandika kwamba huyo Konrad alirudi mwaka 1919, akakaa peke yake kwenye nyumba ya dada yake, hakuoa, hakuingia kanisani hata siku moja, na mwaka 1931 alipokufa kitabu cha mazishi kinasema amezikwa bila mchungaji na bila wimbo, kwa kuomba mwenyewe. Wanakijiji walidhani ni ukaidi. Mimi najua ni nini. Alikuwa Abdulkarim mpaka mwisho, hana mtu wa kumsomea. Wanangu, karatasi ya bibi yangu ilikuwa na shahidi wake, nami nikamfungia shahidi huyo juu ya kabati miaka miwili, kwa sababu ushahidi wake ulikuwa pia ni wa Zainab.

Nikamwambia Sadiyo hakuna majibu yaliyokuja. Nikamwambia Balbir macho yamechoka.

Nipe maji, Somoe. Kidogo. Basi.

Mama yenu alipofariki mwaka jana, Zainab alikuja kutoa mkono wa pole. Mnakumbuka? Hamkumbuki, mlikuwa na wageni. Ni Somoe aliyefungua mlango, akamwambia "karibu bibi." Alikuwa amebeba vitumbua kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Akavua viatu pale ukumbini kama mtu mwenye adabu, nami nikatoka, nikaitazama miguu yake. Kidole cha pili. Nikaitazama miguu yangu kwenye makubazi. Nikamwambia ahsante kwa kuja. Sikumkaribisha kukaa. Barua ilikuwa chumbani juu, hata ngazi kumi na tano hazifiki kutoka kichwani kwake. Akavaa viatu vyake akaenda zake, mvua inanyesha, na sahani yake iko jikoni kwetu mpaka leo. Mmekula humo mwaka mzima.

Basi sikilizeni, haya ndiyo ninayoyataka, na pumzi yangu si ya kurudia.

Nyumba ya barabara ya kumi itagawiwa kwa sheria, ninyi wawili, na yule mdogo wenu aliyetangulia hana mtoto. Lakini katika thuluthi yangu, ambayo sheria imeniachia niseme, chumba cha mbele ni cha Zainab na watoto wake. Kile kile. Mtu asimwambie tunakupa. Mwambieni kinarudi.

Najib na Salha, mwaka mzima hamsemezani kwa ajili ya maneno yaliyosemwa kwenye msiba wa mama yenu. Nani aliyaanza sitaki kujua. Mnaniona mimi? Nilikuwa na miaka sitini niliporudisha mkono nyuma, nina sabini na nane leo, na bado sijaunyosha. Shikaneni mikono. Sasa. Nataka kuona. Haya.

Abdulkarim mtieni katika dua zenu. Kila Ijumaa. Ana miaka sabini na sita anangoja.

Yule mama wa mikate, Sadiyo amwandikie vizuri. Amwambie samahani, hatukuwa ndugu. Amshukuru kwa picha.

Somoe. Kesho asubuhi, si keshokutwa. Chukua ile karatasi ya ukutani na barua zake, uende Kings Heath kwa Zainab. Anwani iko nyuma ya kalenda. Sahani yake irudi, na isirudi tupu, kama kwetu. Najib, najua unataka kusema utakwenda wewe. Hapana. Katika nyumba hii ni mmoja tu aliyemwita bibi, naye ndiye atakayekwenda. Najua unaogopa, mama. Huna haja ya maneno mengi. Sema: kaka yako anakuita. Manne... ngapi hayo? Matatu. Maneno matatu tu.

Na jina la Mwanaisha. Nimeliachia nafasi kando ya mama yangu. Hata kwa penseli sikulitia. Mwanawe alitie. Kwa wino. Mimi mkono wangu... mkono wangu haustahili.

Mwenyezi Mungu awape... awape kuonana. Hiyo tu. Nilikuwa na dua ndefu, imenipotea. Awape kuonana mkingali... Nifunikeni miguu. Inaona baridi.

*

Kesho yake niliamka baada ya sala ya alfajiri nikachoma vitumbua kumi na viwili. Vitatu viliungua, nikavila mwenyewe. Babu alikuwa amelala, Salha amekaa upande mmoja wa kitanda na Najib upande wa pili, na pumzi yake ilikuwa inasikika mpaka ngazini.

Nilimfunga Mubarik kwenye kigari chake, nikaweka ile karatasi ya ukutani juu ya kitambaa cha kumkinga na mvua, sahani nikaipakata. Mzee Balbir alikuwa mlangoni kwake, funguo za gari mkononi. Sijui nani aliyemwambia. "Mimi ndiyo dereva," akasema, akanifungulia mlango wa nyuma. Njia nzima hakula karanga. Nilikuwa nikirudia yale maneno matatu kimoyomoyo, na kila tuliposimama kwenye taa nyekundu nilikuwa nimeyasahau.

Bi Zainab alifungua mwenyewe, amejifunga kanga juu ya sweta. Hakunitazama mimi. Alitazama sahani.

"Sahani yangu," akasema. "Imekaa mwaka mzima. Na leo imekumbuka njia?"

Nikamtolea sahani kwa mikono miwili, akaipokea, akafunua kitambaa, akaviona vitumbua. Mubarik akapiga chafya. Ndipo nikasema.

"Bibi, kaka yako anakuita."

Nyuma yangu nilisikia mabasi ya barabara kuu ya Kings Heath.

"Kaka yangu," akasema. "Mwaka themanini na tisa, mbele ya watu mia mbili, alisema hana dada. Huyo dada kampata wapi?"

"Kitabuni, bibi. Kwenye kitabu cha kanisa." Nikatoa daftari langu. "Na haya ameyasema mbele ya watu vilevile. Nimeyaandika yote."

Aliyasoma pale pale mlangoni, amesimama, sahani ameipakata kwa mkono mmoja. Mimi nilitazama chini. Alikuwa hana viatu. Alipofika mahali pa chumba cha mbele nilijua, kwa sababu alirudi nyuma mistari michache akaanza tena. Kisha akafunga daftari.

"Yu hai?"

"Nilipotoka alikuwa hai."

Akaweka sahani ndani juu ya kiti, akatia viatu miguuni bila soksi, akavaa koti juu ya kanga. Aliichukua ile karatasi ya ukutani kutoka kwenye kigari akaikumbatia, akakataa nimsaidie kuibeba.

"Jina la mama yangu nitaliandika mbele yake, aone," akasema. "Kalamu unayo?"

"Ninayo, bibi."

Nikamfungia mlango wake, nikamfuata garini.